Viroboto Watano Dirishani

Mama Skrubu hakuwa mwoga. Alishapigwa na umeme mara tatu, mkono uleule, na kila mara alijipuliza vidole, akatukana kidogo, akaendelea na kazi. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa redio. Watu walipoacha kutengenezesha redio, akahamia kwenye vitu vya kuchezea watoto, vile vya betri: magari yaliyogoma kurudi nyuma, wanasesere waliolia bila kunyamaza. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Kilikuwa na meza moja ndefu, kabati la makopo ya skrubu, na dirisha pana lililotazamana na benki ng'ambo ya barabara.

Humo ndani alishinda na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mwezi mzima hayupo, na hakutaka mama yake abaki nyumbani peke yake, maana bibi huyo alikuwa hasikii. Miaka thelathini katika kiwanda cha nguo, katikati ya cherehani mia mbili, ilikuwa imemmaliza masikio. Wakwe hawa wawili hawakupikika chungu kimoja. Waliongea kwa ishara walizobuni wenyewe: kuvuta sikio ni chai, kugonga kifua ni dawa, kuweka viganja shavuni ni kulala. Midomo, bibi alisoma ya mwanawe tu. Ya mkwewe aliikataa katakata.

"Wewe unatafuna maneno," alimwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka duka la chini. "Mwanangu anayatamka."

Jumatatu moja mwalimu wa hesabu alileta mfuko wenye vigari vitano, kila kimoja cha kuenea kiganjani. Ukikipinda kigari, kinatoa miguu na kichwa, kinakuwa roboti. Ukiziunganisha roboti zote tano, zinakuwa bunduki ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye mtutu, kitako na kioo cha kulengea. Watoto wa mwalimu walikuwa wamezipulizia rangi nyeusi zote. Springi ya roboti moja ilikuwa imekatika na sauti ilikuwa imekufa.

Bibi alizipenda papo hapo. Vidole vilivyoshona kola za mashati maisha yake yote vilipata kazi tena, na kufikia Jumanne jioni alikuwa anaziunganisha upesi kuliko fundi. Akaziita viroboto. Mkwewe alimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: VIROBOTI. Bibi akasoma, akatikisa kichwa, akaendelea kuwaita viroboto. Wateja wa duka la miwani wakawa wanajikuna kila akipaza sauti.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, fundi alimaliza kufufua sauti. Akatia betri, akageukia kabati kutafuta skrubu moja ndogo. Nyuma yake bibi aliunganisha bunduki, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, akaweka jicho kwenye kile kioo ili aone dunia inafananaje humo ndani.

Mtu akapiga yowe barabarani. Akafuata mwingine. Halafu ikasikika milango ya chuma ya maduka ikiteremshwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine. Fundi alichungulia. Watu walikuwa wamelala kifudifudi lami nzima. Walinzi wa benki walikuwa wamejibanza nyuma ya gari, bunduki zao zimeinuliwa.

Majambazi, akawaza. Wamevamia benki.

Alimkamata bibi mabegani, akamvuta mpaka nyuma ya kabati, wakachuchumaa. Moyo ulimwenda mbio, hata akahisi makopo ya skrubu yanausikia. King'ora kililia, kikakoma chini ya dirisha. Kisha kipaza sauti:

"Wewe wa juu ya duka la miwani! Tumekuona! Tupa silaha chini!"

Juu ya duka la miwani? Basi majambazi wamo humu humu ndani ya jengo, pengine koridoni, nje ya mlango huu mwembamba. Alizuia pumzi. Akageuka amwashirie bibi atulie, na ndipo akaiona bunduki nyeusi imelala mapajani mwa mama mkwe wake.

Hapakuwa na majambazi. Walikuwa ni wao.

"Ni kitu cha kuchezea!" akapiga kelele. "Jamani, ni mchezo wa watoto!"

Buti zilikuwa zimeshafika ngazini. Alinyoosha mkono kuivuta ile bunduki, lakini bibi aliikumbatia, akidhani ananyang'anywa. Mlango ukapigwa teke, ukafunguka. Askari wawili waliingia, mmoja mtu mzima mwenye mvi, mwingine kijana.

"Mikono juu! Wote wawili!"

Fundi akainua mikono. Bibi hakusikia neno. Alihisi tu sakafu imetikisika, akasimama aone kuna nini, bunduki kifuani, kidole kwenye kifyatulio. Taa nyekundu ikawaka kwenye mtutu. Na ile sauti aliyoifufua fundi kwa mikono yake mwenyewe ikatoka, nzito:

"Tayari! Lenga!"

Askari kijana alimwelekezea bibi bunduki. "Weka chini! Weka chini, nasema!"

"Hasikii, afande. Ni kiziwi."

"Mwambie aweke chini!"

"Naongea naye kwa mikono, afande," fundi alisema, akashusha mkono mmoja kidogo tu.

"Mikono juu!"

Akaurudisha juu. Bibi naye akawageukia wageni, na mtutu ukageuka pamoja naye.

"Msiwaguse viroboto wangu!" akafoka.

"Anasema nini huyu?"

"Viroboto, afande..."

"Viroboto gani?"

Fundi alijua akimwambia bibi aweke chini, atakataa, kama alivyokataa kila neno la mdomo wake kwa miaka kumi na mmoja. Lilikuwepo neno moja tu ambalo angelitii. Bibi alizoea kumsimulia mkwewe, kwa kulalamika, juu ya msimamizi wake wa kiwandani, aliyekuwa akisimama mbali, ng'ambo ya kelele za cherehani, na akiona kola imekwenda upande, analitamka bila sauti, midomo wazi.

Fundi alifumbua kinywa, machozi yanamtiririka.

"Fu-mu-a."

Bibi akakunja uso.

"Fumua, mama. Fu-mu-a."

Bibi alimtazama mdomo. Akaangalia zile bunduki mbili mlangoni, akarudi kwenye mdomo. Kisha akakaa polepole kwenye stuli. Kijana akapiga hatua mbele, na yule mwenye mvi akamzuia kwa mkono. "Subiri."

Tak. Kitako kikatoka, kikapindwa, kikaota miguu, kikasimama mezani. Tak. Kikafuata kioo cha kulengea. Bibi hakuharakisha; alifanya kama mtu aliyeambiwa kazi yake haijanyooka. Wa tatu, wa nne. Alipomsimamisha wa tano, mapaja yake yalikuwa matupu, na mezani walisimama vijitu vitano vyeusi vikiwatazama askari.

Kijana aliegemea ukuta. "Kidogo nifyatue," alisema. "Mama, kidogo nifyatue."

Waliandikishwa maelezo kituoni, wakaachiwa alasiri. Nyumbani, mbele ya chai, bibi aliuliza, "Walikuwa wanataka nini wale?"

Fundi alimnyooshea kidole, akafanya bunduki kwa mkono, akafumba macho.

Bibi akacheka. Akaona mwenzake hacheki. Akakiweka kikombe chini.

"Mimi?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ulikuwa pembeni yangu."

Hofu ilimwingia bibi kama homa iliyochelewa, na kwa siku mbili hakukaribia dirisha lolote. Fundi alijikaza akarudi kazini, lakini alihamisha meza ili asiupe mlango mgongo, na chuma cha moto cha kulehemu kilimponyoka mara mbili.

Jumamosi mwalimu alifuata mzigo wake. Fundi alimkabidhi roboti moja moja, kila moja imefungwa karatasi yake.

"Mbona hukuniunganishia nione kama inafanya kazi?"

"Inafanya, mwalimu. Inafanya sana. Ila kwanza itoe hiyo rangi nyeusi."

Mwalimu alicheka. "Mama Skrubu, si mchezo wa watoto tu?"

Fundi akamsimulia, toka dirishani mpaka kituoni. Alipofika kwa yule askari kijana, mwalimu alikuwa ameshavuta stuli, amekaa, hana hata dalili ya kicheko. Aliomba tina ya kutolea rangi na kitambaa, akaanza kusugua palepale. Manjano ikatokeza, halafu buluu. Bibi alimtazama kwa muda, akasogeza kiti chake, akachukua roboti ya pili na kitambaa chake mwenyewe.

Walikuwa wanasugua hivyo, mteja mwingine alipogonga mlango. Mwalimu na fundi waliruka. Bibi alipoona walivyoruka, naye akaruka.