Maboksi ya Rafu ya Juu

Mtaani walimwita Nyongeza, kwa sababu kila alipopima sukari, mizani ikishatulia, alichota kijiko kimoja tena akakimwaga juu. Kijiko hicho alikirithi kwa marehemu baba yake pamoja na duka, kaunta ya kioo iliyopasuka pembeni, na imani kwamba mteja mwema hasahau. Wateja wake kweli hawakusahau. Walikumbuka kila jambo isipokuwa kulipa.

Enzi za mzee, rafu zilijaa hadi darini. Nyongeza aliikumbuka ile harufu ya sabuni za mche na majani ya chai, dirisha la nyuma ambalo mzee hakuruhusu lifunguliwe hata kwenye joto kali, eti vumbi, na mzee mwenyewe akiwa amesimama mbele ya ukuta wa maboksi kama jemadari mbele ya jeshi. Sasa bidhaa zilitosha rafu mbili za chini tu. Kwenye zile za juu alipanga maboksi matupu, chapa zikitazama mlango, akawa anayapangusa kila asubuhi kwa heshima kubwa.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "siku upepo ukiingia humu, tutafilisika hadharani."

Upepo haukuingia. Aliingia mwenye duka la jumla, aliyekuwa akimdai. Zamani bwana huyu aliajiriwa na mzee humu humu, kabla hajaenda kujitegemea na kuota kitambi. Kwa miezi kadhaa Nyongeza alikuwa akimlilia kwenye simu kwamba duka limekauka. Sasa mdai alisimama mlangoni, akainua macho rafuni.

"Kumbe mali umejaza," alisema. "Basi nichukue hiyo tumalizane. La sivyo, sukari yangu usiitegemee tena."

Bila sukari hakuna duka, na wote wawili walilijua hilo. Wateja kwenye kaunta walitega masikio. Nyongeza alitafuta uongo akaukosa. Wote alikuwa ameshaupanga rafuni. Akamsogezea ngazi.

Yule bwana alipanda, akavuta boksi la sabuni kwa nguvu za kubebea mzigo, nusura aanguke nalo chali. Akalitikisa. Nyongeza akasubiri kicheko. Badala yake, bwana alilirudisha taratibu, akaligeuza chapa itazame mlango, akalipangusa kwa kiganja.

Alishuka, akangoja wateja watoke.

"Mzee hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ya kwake nayo yalikuwa matupu, ndugu yangu. Unadhani nani alikuwa akiyapanga?"

Nyongeza aliketi juu ya gunia la mchele, nalo lilikuwa karibu kwisha, likashuka naye hadi sakafuni. Miaka yote hiyo alikuwa akiona haya mbele ya ukuta wa kadibodi. Akamkumbuka jemadari wake, jasho likimchuruzika, akilinda dirisha.

Jioni gunia la sukari lililetwa. Halikuwa zawadi, bei yake iliongezwa kwenye deni. Nyongeza alilifungua, akampimia mteja wa kwanza, akamwongezea kijiko chake, kisha akaenda nyuma kuhakikisha dirisha limefungwa.