Chini ya Boriti ya Kanisa

Kanisani kwetu Berea, huku ugenini, Warundi tunaitana kwa kazi tulizoziacha nyumbani, kana kwamba tutazirudia kesho. Daktari anauza viatu barabarani. Mimi, ninayefunga maboksi kiwandani Pinetown, naitwa Injinia. Nilijenga madaraja kwetu, hapa sijasajiliwa kuwa mhandisi.

Wiki ile bunge lilipitisha sheria kwamba asiyesajiliwa asitoe ushauri wowote wa uhandisi, hata wa bure. Niliisikia redioni nikila mkate. Sikukasirika. Niliendelea kutafuna.

Jumapili pasta alinishika mkono, akanionyesha ufa kwenye boriti ya zege iliyo juu ya viti vyetu.

“Injinia, iko shida hapa?”

Niliutazama. Ulipanda kwa mshazari kutoka kwenye nguzo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua ni wa hatari.

“Tafuteni mtu aliyesajiliwa,” nikamjibu.

“Eish! Si wewe uko hapa?”

“Mimi nafunga maboksi, Pasta.”

Alicheka, akaenda kuanza ibada. Mke wangu alikuwa ameshanishikia nafasi yetu ya siku zote, chini ya ile boriti. Nikaenda, nikakaa.