Sijajibu, Bado Nafikiri

Nyumbani kwetu Mwananyamala nilijulikana kwa uzito. Ukiniuliza kama chai imechemka, nilikwenda kuitazama sufuria kwanza. Mdogo wangu alikuwa ameshajibu, ameshaipua, ameshamimina. Shangazi alisema mwenzangu kajaliwa akili, mimi nimejaliwa usingizi. Iliniuma. Lakini hata hasira yangu ilichelewa. Ilifika kesho yake, shangazi akiwa amesharudi kwake Temeke.

Basi ikaja posa. Ilikuwa miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, na kijana mwenyewe alikuwa akileta redio na vitambaa kutoka Dubai. Alitaka jibu siku ileile, maana alikuwa na safari. Baba alikaa barazani na washenga, shangazi akaja chumbani kuniuliza.

"Mwanangu, umemridhia?"

Nikaanza kufikiri. Yule kijana nilikuwa nimeongea naye mara mbili, na mara zote mbili alinimalizia maneno yangu. Nilikuwa nimefika hapo niliposikia kigelegele. Kwetu msichana akinyamaza amekubali, ni haya tu zimemziba mdomo. Shangazi alishatoka, na majirani walishaanza kuitikia uani.

Haya gani? Sikuwa nazo hata chembe. Nilikuwa nafikiri!

Nikajitanda khanga, nikatoka mpaka barazani, mbele ya washenga, jambo lisilofanywa.

"Shikamooni. Sijajibu. Bado nafikiri."

"Jamani, mtoto huyu!" shangazi akaruka. "Unafikiri nini tena? Mwenzio ana safari!"

Ni shangazi huyuhuyu aliyenifundisha kwamba haraka haraka haina baraka.

Baba naye si mwepesi wa kusema. Aliweka kikombe chini, akanitazama, akatazama wageni. Kigelegele kikafa chenyewe.

"Tutangoja," akasema.

Kijana akasafiri bila jibu. Siku ya nne nilimwambia baba simtaki, akaitika tu, akaenda kuswali.

Mwaka uliofuata kijana yuleyule akamposa mdogo wangu. Alikubali kabla shangazi hajamaliza swali, na mpaka leo wanapendana, wanakatizana maneno kutwa nzima, wanacheka. Nawaombea heri. Shangazi, kila akiingia kwenye nyumba yao ya ghorofa, hunigeukia: "Unaona ulichokikosa?"

Nakiona, shangazi. Nilikitazama siku nne.