Duara Lenye Kona Nne

Hadi leo nikinusa mti mbichi uliokatwa, viganja vinaniwasha. Kule Rwamgasa nilikokulia, miti hiyo tuliiita matimba, na ndiyo iliyozuia kuta za mashimo ya dhahabu zisituangukie. Shimo lenyewe, msomaji wangu, tuliliita duara, ingawa mdomo wake ulichimbwa mraba ili matimba yakae sawasawa. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwalimu wetu wa hesabu kidato cha pili alikuwa mgeni. Siku moja alichora mraba mkubwa ubaoni, akafuta mraba mdogo kwenye kona, akauliza nani ameelewa. Nikanyoosha mkono kwa mbwembwe.

"Ni kama kiwanja chenye duara pembeni, mwalimu."

"Duara lina kona?"

"Lina nne, mwalimu."

Alinichapa viganja mpaka fimbo ikapasuka, akaagiza nyingine. Darasa zima lilijua nimesema kweli. Nilimchukia sana mtu yule. Lakini somo lake lilinikaa: kile kilichobaki, ukikikata na kukiunganisha upya, kinakuwa mstatili. Upana wake ni upande mkubwa kutoa mdogo, urefu ni mkubwa kujumlisha mdogo. Nililiona zuri ajabu, mikono imevimba hivyo hivyo.

Nilipofika nyumbani nikasikia kelele kwenye eneo letu la kuchimba. Baba na mshirika wake, Baba Masanja, walikuwa wanavunja ushirika, kila mmoja na panga mkononi. Eneo lilikuwa mraba, duara likiwa kwenye kona, na hawakuelewana namna ya kuligawa. Mama alikuwa amemshika baba shati, analia.

Nikaona nimetumwa na Mungu. Nikaokota kijiti, nikapita katikati yao, nikachora mchangani.

"Shikamoo Baba Masanja. Duara tuliache. Mkikata hapa mkahamishia huku, unapatikana mstatili. Kila mtu nusu yake."

"Marahaba, ng'wanone," alisema kwa upole, kama mtu anayeongea na bintiye. Akainama kuutazama mchoro.

Hapo baba akamkata shingoni.

Damu ilinirukia usoni, ya moto. Baba Masanja alianguka juu ya mistari yangu, akakata roho kabla hajapatikana mtu wa kumbeba. Baba alichukuliwa jioni ile ile, nami sikumwona tena nje ya gereza.

Kwa miaka mingi niliamini nilikosea hesabu. Siku hizi nafundisha somo hilo hilo mjini Shinyanga, na najua haikuwa na kosa. Ila lile duara lilikuwa limeanza kutoa dhahabu, na sehemu nyingine yote ilikuwa vichaka na kifusi tu. Mimi niliwagawia kilichobaki. Wao walikuwa wanauana kwa ajili ya kile nilichokitoa.