Jubilee ya Mji na Lokole ya Tonton

Rafiki yangu, wewe uliyekulia ukingoni mwa mto kama mimi, kaa vizuri nikueleze nilichokikuta kwenye sale, ukumbi wa komite. Niliingia pale na liputa mpya kiunoni na daftari jipya mkononi, kwa maana walikuwa wamenichagua kuwa sekretere wa maandalizi ya jubilee ya mji wetu. Walinichagua mimi kwa sababu nina diploma ya shule ya jioni, na diploma hiyo nimeitia kwenye fremu kubwa kuliko mlango wangu, hata wageni huingia kwa ubavu. Basi nikaingia, na kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kona kilikuwa lokole, ile ngoma yetu ya gogo isiyo na ngozi, ya mti mwekundu, iliyochimbwa tumbo kupitia mpasuo mmoja mwembamba mgongoni. Walikuwa wameigeuza meza ya chupa za limonadi. Mtu alikuwa amezima sigara kwenye mdomo wa ngoma hiyo.

Prezida wa komite akaanza kusema. Anasema vizuri, simnyimi haki yake; anaweza kusema kuanzia asubuhi mpaka nyanya ziive shambani bila kutaja jambo moja. Lakini mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, nina miaka saba, na tumbo langu linanguruma.

Nyumba ya koko wangu, mama yake mama, ilikuwa hatua ishirini kutoka majini. Huko kulinuka samaki wa moshi mpaka kwenye godoro, mpaka kwenye vitabu vya shule. Kazi yangu ilikuwa kusugua vyungu kwa mchanga, kuanika mihogo, na kufukuza kuku ambao walinichukia mimi binafsi. Koko alipoanza kutwanga lituma, ndizi zile za kuchemsha, kinu kilitikisa ukuta na mijusi ikaanguka. Juu ya lituma alimwaga mawese mekundu na samaki, na nakuapia, harufu ile ilifika mjini bila mtumbwi.

Jirani yetu alikuwa mpiga lokole. Sisi watoto tulimwita tonton, kama tulivyowaita wanaume wote wa rika lake, lakini yeye alikuwa tonton wa mto mzima. Aliketi ukingoni na lokole yake, akichonga makasia, akingoja maneno. Ndiyo, maneno. Lokole haikuwa ya kuchezesha watu viuno. Ilikuwa na midomo miwili, mmoja wa mwanaume na mmoja wa mwanamke, sauti nzito na sauti nyembamba, na kwa hizo mbili tonton aliweza kusema lolote, hata kukutukana. Pirogi, mitumbwi yetu mirefu, zilipotoka Yanonge na chikwanga, ile mikate ya mihogo, tulijua kabla hazijapiga kona. Koko aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, halafu akasema, "Wanaleta na mbika," akaweka maji motoni kwa ajili ya mbegu hizo za maboga.

Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole. Langu lilikuwa refu kuliko barabara ya Bengamisa. Saa ya kula, ikiwa nimepotelea kwenye michezo, koko alimwomba tonton aniite, na lokole ikatangaza kwa pande mbili za mto: mtoto wa watu wa maji, mwenye tumbo lisilo na mlango, arudi nyumbani! Wavuvi walicheka huko waliko. Mimi nililia kwa haya njia nzima, na nilifika wa kwanza.

Mji wenyewe pia ulikuwa na jina. Tonton ndiye aliyenifundisha kulitambua: mahali ambapo maji yanagombana na mawe, na mawe hayatoki. Ndivyo alivyoutaja kila asubuhi, kabla ya habari yoyote, kama mtu anayeandika anwani juu ya barua.

Tulikuwa na mwalimu, mtu wa karavati, ile tai ya shingoni, aliyeiita lokole telegramu ya washenzi. Alituchapa tukiigiza mapigo yake kwenye madawati. Halafu mama yake akafa, na mwalimu akaja kwa tonton asubuhi na mapema, karavati mfukoni, akasimama bila kujua mikono aiweke wapi. Tonton alichukua fimbo zake, akapiga msiba. Kwenye msiba lokole husema hivi: mwenye mlango ametoka, hatarudi, acheni vyungu motoni, njooni. Nilimwona koko akiacha mchi ndani ya kinu, akifungua kitambaa cha kichwa. Kila mwanamke wa ukingo alifanya vilevile, wakati uleule, kana kwamba mkono mmoja umewavua wote. Kisha lokole ya kijiji cha chini ilijibu, na nyingine chini yake, na nyingine, mpaka habari ikafika Basoko kabla lituma yetu haijapoa. Mchana ule pirogi zilijaa hata ungeweza kuvuka mto bila kulowesha kidole. Mwalimu alilia, na sidhani alimlilia mama yake peke yake.

Na hakuna aliyecheza na maneno hayo. Mpwa mmoja wa tonton, mtu mzima mwenye ndevu, aliwahi kupiga msiba kwa mzaha akiwa amelewa. Tonton alimkalisha kwenye lokole siku nzima kuirudisha ile habari, kipigo kwa kipigo, mpaka kila kijiji kilichoisikia kijibu kwamba kimesikia pia kuwa ni uongo.

Sasa turudi kwenye sale, kwa mabwana wetu.

Komite ilitumia vikao vitatu kuchagua rangi ya utepe wa viti. Kikao cha nne kilikuwa cha nani ataketi karibu na nani. Kuhusu siku ambayo mji ulizaliwa hawakuumiza kichwa: walichukua siku ambayo mzungu fulani alifunga mashua yake hapa. Kumbe kabla ya hapo mto ulikuwa unapita tu, hakuna mtu wa kuusalimia! Koko wa koko wangu alikuwa anatwanga lituma wapi, hewani?

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Tonton yuko hai bado, ng'ambo, peke yake, na kwa ninavyojua hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kuutaja mji kwa jina lake la lokole. Nilitaka mji umsikilize mara moja kabla hajafumba macho. Nikainua mkono, nikapendekeza yeye afungue sherehe.

"Yule papa mzee?" prezida akacheka. "Mama sekretere, mikono yake inatetemeka. Na hana hata koti. Wageni watasema nini?"

"Watasikia jina la mji wao."

"Mji iko na jina tayari, mama. Iko kwa kashe." Akagonga muhuri wake mezani ili tuone. Kisha akasema, "Tutaita vijana ya balé, kikundi ya kucheza. Wale wanatabasamu."

Nikaandika. Diploma yangu yote, rafiki yangu, kazi yake ilikuwa kuandika kwamba vijana wa balé wanatabasamu.

Siku ya mazoezi tulikusanyika kwenye kiwanja kando ya mto. Waliibeba ile lokole, wakaipangusa limonadi. Kiongozi wa balé, kijana mwenye raba nyeupe kama meno, akatwambia amepata mapigo matamu sana. Aliyarekodi kwenye simu yake katika kilio fulani huko ng'ambo, akayajifunza yote. Kwenye kilio! Kabla sijafungua kinywa, akaanza. Na kijana ana kipaji, sitamnyima. Aliyapiga bila kosa hata moja.

Mwenye mlango ametoka, hatarudi, acheni vyungu motoni, njooni.

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kufungua kitambaa cha kichwa bila kuniuliza. Prezida alikuwa anatikisa mguu kwa furaha. Wanamajorete, wasichana wa gwaride, walizungusha fimbo zao. Nikamkimbilia nikamwambia, "Prezida, hiyo ni habari ya kifo!" Akanijibu kwamba nisilete mambo ya kijiji kwenye repetisyo, yaani mazoezi yao, na kwamba kama ni kifo basi ni kifo chenye ambiance na shangwe.

Nikatazama barabarani. Miaka ile ukingo mzima ungekuwa umekwisha kujaa. Pikipiki zilipita. Mama mmoja muuza ndizi za makemba alitazama, akaendelea kuuza.

Baada ya muda mrefu, pirogi moja ikatoka ng'ambo. Ndani yake mvuvi alipiga kasia, na mbele alikaa mzee miguu peku, mabega wazi, kitambaa cha msiba kiunoni. Tonton. Katika mji wote huu, na watu wake wote, alikuja mmoja.

Alipanda ukingo polepole. "Ni nani alikufa?"

"Karibu, papa!" prezida akamkumbatia. "Hakuna mutu alikufa. Ni repetisyo. Mji iko na anniversaire."

"Nimeuliza ni nani alikufa. Nimeacha chungu kwa moto."

"Ni muziki tu, papa."

"Muziki," alisema tonton, kama mtu anayeonja kitu kilichooza ili awe na hakika.

Alinyoosha mkono, na yule kijana wa balé, heshima kwake, akampa fimbo papo hapo. Mikono ya tonton ilitetemeka mpaka ilipogusa mti. Akairudisha habari: neno lilikuwa baya, mwenye mlango yuko nyumbani, rudini mashambani. Halafu, kwa kuwa alikuwa na fimbo mkononi, akautaja mji. Mahali ambapo maji yanagombana na mawe, na mawe hayatoki. Miaka thelathini sikuwa nimelisikia jina hilo, na nikajikuta nalitamka pamoja naye.

Kisha akageuza shavu kuelekea chini ya mto, akingoja jibu. Tukangoja wote, mimi nikijua tunachongoja na wao wakidhani mzee amechoka. Jenereta ilinguruma. Kanisa moja lilijaribu mikrofoni yake: alo, alo. Prezida akatazama saa.

"Merci mingi, papa. Iko muzuri. Lakini ile ya kwanza, ya kijana, iko na ambiance kupita. Tutafungua fete na ile. Utakuja kutufundisha vizuri?"

Tonton akaweka fimbo chini, sambamba, kama anavyoziweka siku zote.

"Ile nitawapigia ninyi mara moja tu," akasema. "Na hamutaisikia."

Wakapiga makofi! "Andika, mama sekretere: papa anakubali!" Nikaandika maneno ya tonton kama yalivyo, herufi kwa herufi, na prezida akayagongea kashe bila kuyasoma.

Nilimsindikiza mpaka kwenye pirogi. Alikaa, akashika ukingo wa mtumbwi, akaniuliza bila kunitazama, "Kule chini, hawakusikia ao hawako tena?"

Unanijua, rafiki yangu. Mimi nikiona mjusi husimulia mamba. Siku ile nilimwona mamba nikasimulia mjusi.

"Ni pikipiki, tonton," nikamwambia. "Siku hizi ziko na kelele mingi."

Akafikiri. "Basi nitaita kesho asubuhi, wakati pikipiki ziko zinalala."

Kesho yake nikaamka alfajiri, nikafungua dirisha linalotazama maji. Alipiga kweli. Aliutaja mji, akangoja. Akautaja tena. Wavuvi wa kona hawakujibu, wala kijiji cha chini yao, wala yeyote kati ya hapa na Basoko. Kwenye nyumba ya pili kutoka kwangu prezida wa komite alikuwa anakoroma, mlango wazi, suti ya jubilee ikining'inia kwenye kamba.