Herufi za Mwiba wa Ndimu

Enzi zetu pale Kasongo, siku Zaina alipopimwa na Mwalimu, mule mu kalasi tulikuwa hawa: mimi Asumpta, Zaina mwenyewe (mutoto wa baba mukubwa, yule surua ilimuzimisha macho angali ananyonya), Bulaya, ndugu yangu mudogo, mwenye kucheka ovyo, na Mwalimu Paulo, kaka ya mama, mwenye sauti ya kutisha mbuzi. Wengine walichungulia dirishani. Majina yao ninayo yote, lakini karatasi itaisha.

Kazi ya Zaina ilikuwa kulinda mupunga kwenye mikeka. Akisikia kuku ametia muguu, anamutupia gunzi la muhindi, na hakosi. Lakini roho yake ilikuwa masomoni. Kila jioni, tukila muhogo wa kuchoma na karanga, ananiambia: "Asumpta, leo walikufundisha nini? Nipe na mie."

Basi nikapata akili. Nikachukua karto ya sabuni, ile karatasi ngumu ya boksi, na mwiba wa ndimu, nikatoboa herufi, tundu kwa tundu. Kwa nyuma vikainuka vipele vidogo, Zaina akawa anavipapasa. Musimu wa mvua ulipoisha, alizijua zote, hata jina lake nililomutobolea. Nikaenda kumuombea nafasi.

Mwalimu akasema: "Aandike jina lake ubaoni. Akiweza, anakaa kalasi. Akishindwa, arudi kwa kuku wake, na wewe usinisumbue tena."

Zaina akaandika. Bulaya akaanguka chini kwa kicheko: "Jamani, jina linatembea kinyumenyume!" Kweli, lilianzia kulia, na herufi zimetupa mugongo. Hapo nikafahamu kosa langu. Mimi nilitoboa mbele, yeye alipapasa nyuma, kule kila kitu kimegeuka!

Mwalimu hakucheka. Akaomba karto, akaipindua, akapapasa na kidole chake kinene. "Huyu hakukosea. Alisoma vile mulivyomupa. Bulaya, njoo uandike hivi." Bulaya akashindwa hata herufi ya kwanza, kicheko kikamukauka. "Zaina, mwanangu, kaa pale mbele."

Tulirudi tunaimba njia yote, mama akatupikia sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi. Toka siku ile nikawa natoboa kinyumenyume, ili Zaina asome sawa.

Leo mujukuu wangu Neema, naye haoni, anasoma huku Kabambare. Telefone yake inamusomea kitabu mbio kama mama wa sokoni mwenye hasira. Kaka zake wenye macho mazima wana telefone pia, ila za kutazama watu wanaocheza ngoma tu! Juzi Neema alinionyesha kibao chake cha kuandikia vitone vya kusomwa na vidole. Anadunga na kijisumari, anaanzia kulia, anarudi kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma.

"Nyanya, unacheka nini?"

Nilicheka mpaka machozi. Zaina hayuko tena, angecheka kunipita. Neema hana haja ya kungoja mutu amutobolee herufi, na ninafurahi sana. Lakini zile jioni, vidole vya Zaina vikitembea kwenye karto yangu, mimi nazingoja hata leo.

Kama kati yenu munaosoma haya kuna aliyechungulia dirishani siku ile, na bado iko muzima, aniambie: ulikuwa mwiba wa ndimu, ao wa muchungwa? Pale nilipokosea, munirekebishe.