Jiwe na Nyota Yake

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila stima inapopotea na taa kuzimika hapa nyumbani Kangemi, mwanangu. Jana uliponipigia simu ukasema diski za ofisini kwenu zimejaa, na kwamba mkubwa wako anataka mbaki na spektra zilizokamilika tu, ile michoro ya mwanga iliyokwisha kupigiwa hesabu, vipimo vingine mvifute, sikulala vizuri. Acha nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Nilikuwa msichana mgeni kazini, nimetoka kwetu Bungoma na sanduku moja na woga mwingi. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Hurlingham, juu ya duka la dawa. Kazi ilikuwa hii hii yako: kupokea vipimo vya mwanga wa asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua, vilivyochukuliwa kwa darubini za hapa duniani, na kuvihifadhi ili mwanasayansi yeyote avitumie. Siku hizo vipimo vilikaa kwenye tepu, na tepu mpya zilikuwa adimu.

Wewe umesoma kunishinda, lakini nivumilie, maana nataka hata mama yako, dada yangu, aelewe ukimsomea. Asteroidi haina mwanga wake, hurudisha wa jua tu. Ukitaka kujua rangi ya jiwe lenyewe, unapima mwanga wake, unapima pia nyota inayofanana na jua letu, halafu unagawanya kipimo cha jiwe kwa kipimo cha nyota. Jua linaondoka, hewa yetu inaondoka, linabaki jiwe. Hewa isipoondoka sawasawa, unyevu wake huacha bonde kwenye mchoro, nawe unaweza kuapa kwamba jiwe lina maji.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Wafula, mtu mkali, msafi wa kola, aliyekunywa chai bila sukari na kukukaripia ukitia kwenye yako. Alikuwa na jiwe moja alilolipenda, lililopita karibu na dunia na ambalo lisingerudi kwa miaka mingi. Spektra yake ilikuwa na bonde. Mzee akaandika kwamba jiwe lile lina madini yenye maji, watu wa ng'ambo wakamsifu, na ofisi nzima ikatembea kifua mbele.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa jicho, akawa anapumzika kwa binti yake, mtaa wa Loresho. Huku nyuma mkubwa wa ofisi akatoa amri: spektra zilizokamilika ziko kwenye kompyuta, kwa hiyo tepu za nyota zifutwe zitumike upya. Hakuna aliyeona ubaya. Mutua, kijana wa Machakos aliyesimamia mashine, akaanza kufuta. Mimi nikatumwa Loresho na matunda na salamu za ofisi.

Nilimpa Mzee habari hiyo kwa kupitia tu, huku namenya chungwa. Akaacha kutafuna.

"Nekesa, wanafuta gani?"

"Za nyota, Mzee. Zile za mawe ziko tu sawa."

Akasimama na bandeji yake jichoni, akitafuta viatu kwa kupapasa kwa miguu. Binti yake alimsihi aketi, hakumsikia. Tulichukua teksi, na barabara ya Waiyaki Way ilikuwa imejaa magari, haipitiki. Alinishika mkono njia nzima, akimsihi dereva aharakishe. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilidhani ataanguka afie mikononi mwangu, na sikujua ningewaambia nini watu wake.

Tulipofika ofisini, stima ilikuwa imepotea. Mutua alikuwa ameketi kando ya mashine, tepu ingali ndani.

"Imefika wapi?" Mzee akauliza.

"Sijui, Mzee. Ilikuwa inafuta, halafu stima ikapotea."

"Toa hiyo waya kwa ukuta. Ikirudi isiendelee."

Mutua akachomoa. Hatukuwa na namna ya kujua kilichobaki mpaka stima irudi. Kwanza niliogopa isirudi, halafu nikaogopa irudi. Mutua akajaribu kumtuliza mzee wa watu.

"Lakini spektra yako iko kwa kompyuta, Mzee. Hiyo hatujaguza."

"Hiyo ni jibu," Mzee akasema. "Mtu akiuliza nilipataje, mtamwonyesha nini? Na kama nilikosea, nani atajua?"

Stima ikarudi jioni, Mutua akairudisha tepu mwanzo na kuisoma. Sehemu ya kwanza ilikuwa tupu. Nyota za mawe mengine zilikuwa zimefutika, na hadi leo hakuna awezaye kuhakiki spektra za mawe hayo. Nyota ya Mzee ilikuwa mwishoni, salama. Nililia mbele yao bila aibu.

Alipopona, Mzee akaketi na nyota ile akaanza hesabu upya. Akagundua kuwa nyota ilipimwa ikiwa juu, jiwe likapimwa likiwa chini karibu na upeo, ambako mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Bonde lile lilikuwa unyevu wa hewa yetu wenyewe. Jiwe lilikuwa kavu.

Akaniita. "Andika kwa hifadhi, Nekesa. Andika Wafula alikosea, na uweke nyota hapo kando waone."

Nikamuuliza kama alikuwa ameshuku kosa hilo.

"Nilikuwa naogopa tangu mwanzo," akasema. "Ndio maana nilikuja na bandeji."

Basi, mwanangu, kesho nenda kwa mkubwa wako, umsalimie kwa heshima, umwambie hutavifuta vipimo vya nyota. Kila jiwe likae na nyota yake, na saa ya kupimwa, na mahali lilipokuwa angani. Hasa tunza kile ambacho mtu atakitumia kukuonyesha umekosea, maana hicho ndicho watu hufuta kwanza. Ukiogopa, usione haya. Mimi ninaogopa hata sasa ninapokuandikia, naogopa kwamba umechelewa.

Lile jiwe liko njiani kurudi. Mzee Wafula tulishamzika, na mimi sijui kama nitafika siku hiyo. Wewe utalipima. Mungu akupe macho mazima wakati huo, aitulize mikono yako, na ukute nyota yetu ingali pale tulipokuwekea.